Maji ya Goti, Maji ya Kifua

4 Desemba
Ndiyo, kuandika najua. Hata enjenyeru Virgílio, mpimaji wa ile kampuni ya mashamba, kaniuliza swali hilohilo leo asubuhi. Nikamjibu nimefika darasa la nne, na la nne lenyewe nimelisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu yangu ni la tano. Akacheka. Mtu akicheka, nusu ya kazi umeshapata. Akanipa daftari hili, kalamu mbili, na kizibao cha njano chenye mikanda ya kung'aa, kile wanachovaa watu wa barabara.

Kazi yenyewe nyepesi. Kila siku niandike maji ya mto Nanguo yamefika wapi pale kivukoni. Kachomeka mti wenye rangi nyekundu na nyeupe na namba zake. Mie kivukoni nipo tu. Daraja lilivunjwa wakati wa vita, tukakimbia, sisi tumerudi, daraja halijarudi. Mto ukiwa mdogo nabeba watu mgongoni, ukiwa mkubwa nawavusha kwa mtumbwi. Wananiita Feri. Jina langu hasa ni Jamaldine, lakini ukiniita hivyo nitadhani unamwita mtu mwingine.

Maji leo ni ya goti. Kwenye mti sijui, nimesahau kutazama.

5 Desemba
Maji ya goti.

6 Desemba
Maji ya goti. Dada Zainabo kaniuliza kizibao nimekiiba wapi.

9 Desemba
Leo mkutano, mbele ya nyumba ya mzee Mussagy. Yeye ndiye sekretaru wa kijiji. Ana muhuri, na ana kiti cha plastiki ambacho hakikaliwi na mtu mwingine.

Enjenyeru anazungumza Kireno tupu. Mkalimani wa kutoka wilayani hakuja, gari limekwama. Zacarias fundi seremala, ambaye kasoma kweli, yuko kwao Mueda kwenye msiba wa shangazi yake. Mzee Mussagy akatazama huku na huku. Nikasimama mie na kizibao changu. Kireno nakijua, nilijifunza kwa kuwauzia askari ndizi pale kwenye kizuizi cha barabara. Ni Kireno cha ndizi, lakini ni Kireno.

Enjenyeru akasema kampuni imepewa ardhi kule juu, pale mto unapoteremka kutoka mlimani. Halafu akasema, “Vamos fazer uma represa no rio.” Nikawaambia watu: wanaleta empresa hapa mtoni. Empresa ni kampuni, neno hilo kwetu hata mtoto wa kunyonya analijua, maana kila mtu anaingoja. Watu wakapiga makofi. Dada Zainabo akauliza, na maji yetu je? Enjenyeru akajibu kwamba hiyo hiyo “vai guardar a água”. Guarda ni mlinzi. Nikasema kampuni itaweka walinzi wa kuyalinda maji. Vijana watatu wakanyoosha mgongo palepale, waonekane warefu.

Halafu ikaja karatasi, na kile kidude cha wino. Tukatia dole gumba watu arobaini na wawili. Mie jina langu naweza kuliandika, lakini nikatia dole kwa heshima ya wenzangu. Tukanywa soda ya machungwa. Mkutano wa pili utakuwa mwezi wa pili, sheria inataka watu waulizwe mara mbili, kama bwana harusi anayetiliwa shaka.

Enjenyeru kanishika mkono mbele ya watu wote. Maji ya goti.

13 Desemba
Maji ya goti. Nimemwomba enjenyeru niwe mkubwa wa walinzi. Kanitazama kama hajasikia, akacheka. Nusu ya kazi.

19 Desemba
Asubuhi hapa jua kali, mto mwekundu. Maana yake juu mlimani kumenyesha usiku. Mto huu hauna mtu wa kuushika njiani. Ukinyeshewa kule, kesho yake habari tunazo. Maji ya paja. Nimembeba mzee Mussagy mgongoni, naye kabeba kiti chake kichwani. Kutoka mbali tulionekana watu watatu.

20 Desemba
Maji ya paja. Dada kaanza kusia mpunga.

29 Desemba
Zacarias karudi. Huyu ni mtani wangu. Yeye Mmakonde wa mlimani, mie mtu wa pwani, na utani wetu tumeurithi kwa wazee. Akinitukana sina haki ya kukasirika, nikimwibia kuku hana haki ya kushtaki. Mie namwita Mzee Jiwe kwa sababu akiingia majini anazama. Yeye ananiita Chumvi.

Leo sikumsikia akiniita Chumvi. Kaja kivukoni ametoka kusoma ile karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa mzee Mussagy.

“Feri, nani alitafsiri?”

“Mie. Umependa?”

“Uliwaambia watu nini?”

“Empresa inakuja.”

Akakaa mchangani na suruali yake ya kanisani. Akasema hapakuandikwa empresa. Pameandikwa represa. Neno lina R mbele, na ni ukuta. Wanauziba mto. Maji wanayageuzia kwenye mfereji, yaende kwenye mashamba ya kampuni. Nikamuuliza, na walinzi? Akasema guardar ni kuweka. “Kama unavyoweka mchele ndani ya debe, ukafunika.”

Nikamwambia watu wa mlimani maji mmeyaona ukubwani, mtajuaje habari za mto? Nilidhani ana wivu. Mtu kasoma hadi darasa la kumi, halafu kizibao nimepewa mie.

Maji ya goti na vidole viwili.

30 Desemba
Nimekwenda kuitazama karatasi. R ipo.

2 Januari
Zacarias kasema anaweza kuwaambia watu yeye, ila haitafaa. Mtani akimsema mtani wake, watu watacheka waende zao. Neno hili lazima litoke mdomoni mwangu. Nikamwambia nitalisema kwenye mkutano wa pili, mbona muda upo. Akasema sawa, Chumvi. Afadhali kaniita Chumvi.

Ukweli ni kwamba nimeshawaambia watu wawili kuwa mie ndiye mkubwa wa walinzi.

8 Januari
Maji ya goti. Mvua imesita.

12 Januari
Maji ya goti, chini kidogo. Jua tupu.

14 Januari
Maji ya kifundo cha mguu. Sijayaona hivi mwezi wa kwanza tangu nizaliwe. Nimekwenda kuuliza, nimeambiwa watu wa kampuni wamepanga magunia ya mchanga kule juu, wanajaribu. Ni majaribio tu.

15 Januari
Kisigino. Leo sikubeba mtu. Wanavuka wenyewe, viatu mkononi, wananicheka. Feri, kampuni yako imekufukuza kazi kabla hujaanza. Nami nikacheka.

17 Januari
Kisigino.

18 Januari
Kisigino. Kesho bamvua.

20 Januari
Sasa niandike vizuri.

Mto na bahari vinasukumana. Hili kwetu hakuna asiyelijua. Maji kujaa, bahari inataka kupanda mtoni, na mto unasema hapana, mwisho wako hapa. Siku za bamvua bahari inakuja na nguvu zake zote, na mto unaizuia palepale kwenye mikoko. Safari hii haikumkuta mtu wa kuizuia. Jana bahari imepanda hadi kivukoni. Nimeona kaa wanatembea mahali ninapotua abiria. Nikachota maji kwa kiganja nikaonja. Chumvi.

Nikakimbia bondeni kwa dada. Shamba lake ndilo la mwisho kabisa upande wa bahari. Tuliporudi kutoka ukimbizini alichelewa, mtoto alikuwa mgonjwa, akakuta mabonde ya juu yameshachukuliwa. Kapewa la mwisho na hakulalamika. Amelilima peke yake, maana shemeji yangu hakurudi na hatujui alipo.

Nilimkuta amesimama katikati, kanga kaifunga kiunoni, maji yamefika juu ya miguu yake, maji meupe mazuri, utadhani ni neema. Miche imeanza kubadilika ncha, rangi ya karatasi kuukuu. Kachota, kaonja, katema. Kachota pengine, katema. Anatembea shamba zima anaonja na kutema.

Nikamwambia, dada, nilikosea. Enjenyeru hakusema empresa. Alisema represa, ni ukuta, wataziba mto, itakuwa hivi kila bamvua. Nilisema vibaya mie.

Akanitazama, mdomo umeanza kucheka halafu umeshindwa.

“Feri mdogo wangu, leo usinichekeshe.”

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Miaka yote hii, kila siku namwambia jambo la uongo ili acheke. Tulipokuwa kambini nilimwambia nimeonana na shetani kwenye foleni ya mchele na kadi yake ya mgao ilikuwa imekamilika kuliko zetu. Alicheka hadi akalia. Nilikuwa najivunia hilo.

Tumechimba mfereji mdogo wa kutoa maji mpaka jua likazama. Kisigino.

21 Januari
Kisigino. Nimemwambia mzee Mussagy. Kacheka.

22 Januari
Nimemwambia mwalimu wa madrasa. Kaniambia kutania kunapunguza thawabu.

25 Januari
Nimekwenda kule juu na Zacarias, mwendo wa asubuhi mpaka adhuhuri. Mzee Jiwe anajua kupanda. Mie nilikuwa nyuma nahema.

Magunia yamepangwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma yake maji yamelala, mengi, kijani. Mto Nanguo nimeuzoea unapiga kelele. Hata gizani najua kivuko kiko wapi kwa sauti. Pale ulikuwa kimya kama mtu aliyefunikwa mdomo. Zacarias akasema kwao mlimani bibi zake walikuwa wakiwaambia watoto kwamba mto hauna nguo kwa sababu hauna cha kuficha. Nikamwambia basi leo umevishwa suruali.

Enjenyeru alikuwepo. Si mtu mbaya, niandike hivyo. Katupa maji ya chupa, katuonyesha michoro, kasema watu wa kule juu watapata kazi za mahindi. Zacarias akamuuliza kwa Kireno kuhusu mpunga wa chini. Akasema ripoti inaonyesha wa chini wamekubali. Arobaini na wawili.

Halafu akanivuta pembeni. Anataka nikafanye kazi ya ukalimani moja kwa moja, na akanionyesha viatu, vile vya mpira vya njano, virefu. Nikasema nitafikiri. Na kweli nilifikiri, daftari sitalidanganya. Nilifikiri njia nzima ya kurudi. Vilikuwa saizi yangu.

29 Januari
Kisigino. Nusu ya shamba la dada imekauka.

2 Februari
Radi upande wa mlimani mchana kutwa. Hapa kavu. Watu wote wamekaa wanatazama juu, hakuna anayesema kwa nini.

3 Februari
Maji mekundu! Alfajiri goti, saa nne kiuno, adhuhuri kifua. Nimeona gunia la mchanga linapita, na maandishi yake ubavuni, halafu la pili, halafu kundi. Nyuma yake ukang'oka mti wa enjenyeru wenye namba, umesimama wima, unakwenda baharini kama mtu mwenye safari zake. Nimeupungia mkono.

Kuanzia leo kipimo ni mwili wangu tu.

4 Februari
Kifua. Mtumbwi.

7 Februari
Kiuno. Chumvi imesafishwa. Dada kapewa miche na majirani, anapandikiza upya sehemu iliyokufa. Nimembebea. Hatukuzungumza mambo ya ukuta. Watu wanasema si mnaona, mto umejitetea wenyewe, yamekwisha. Zacarias anasema magunia ni magunia, zege ni zege.

15 Februari
Paja. Kampuni wameleta saruji kule juu. Wanangoja karatasi ya pili.

19 Februari
Mwezi umeonekana, tumefunga. Paja. Kubeba watu na njaa ni kazi, hasa Zacarias, ambaye hajafunga na amekula ndizi mgongoni kwangu makusudi.

26 Februari
Mkutano wa pili. Paja.

Wameuweka saa sita mchana, Ramadhani, na wameleta soda. Kreti mbili zimekaa kwenye kivuli zinatoka jasho, na watu mia wamekaa juani wanazitazama. Mzee Mussagy kwenye kiti chake, miguuni pake birika la plastiki la kutilia udhu, kashalijaza, anangoja adhuhuri. Mkalimani wa wilaya safari hii pia hakufika. Enjenyeru akaniita mbele.

Akasema yaleyale, uma represa. Mie sikutafsiri. Nikawaambia, ndugu zangu, mara ile nilisema empresa. Alichosema huyu bwana ni represa. Ni ukuta wa kuziba mto. Nilikosea mie.

Wakacheka. Watu wana kiu, wanatafuta kitu cha kuwapitishia saa. Mmoja akasema Feri endelea, utamu huo. Mzee Mussagy akasema tafsiri bwana, jua kali. Zacarias akasimama nyuma kabisa akasema leo hatanii. Basi ndipo wakacheka kweli, maana mtani kumtolea mtani wake ushahidi, hilo halijapata kutokea.

Nilitazama wote wale wanacheka, na mkono wa enjenyeru umeshashika kidude cha wino.

Nikaokota birika la mzee Mussagy. Nikaenda mpaka alipokaa dada Zainabo, nikaliinamisha. Kwetu ukimwinamishia mtu birika, anakinga mikono bila kufikiri. Dada akakinga. Mie nikaziba mdomo wa birika kwa dole gumba.

Hayakutoka. Dada kakinga tu, viganja wazi, vikavu. Nikainamisha zaidi. Watu wakaendelea kucheka kidogo, halafu kicheko kikapungua upande mmoja, kikapungua upande wa pili. Nilingoja mpaka kikaisha chote.

“Maji yamo,” nikasema. “Yanalindwa. Na hili ndilo dole nililotia kwenye karatasi. Lenu pia.”

Dada alitazama birika, akatazama viganja vyake. Nilimwona anarudi kule bondeni, anaonja na kutema. Alipoinua macho hakuwa na kicheko wala hasira, alikuwa ananitazama kama mtu mzima anavyotazamwa.

“Ondoa kidole,” akasema.

Nikaondoa. Maji yakamwagikia mikono yake yakaanguka mchangani. Hakuna aliyemkataza mtu kupoteza maji ya udhu.

Mzee Mussagy akasimama, kile kiti kikabaki kitupu mbele za watu, akauliza taratibu, muhuri wake ameugonga juu ya kitu hicho? Zacarias akasema ndiyo, sekretaru. Kisha watu wakaanza kusema wote pamoja, wenye mabonde, wenye visima, wanawake zaidi. Enjenyeru hakuelewa kinachoendelea. Zacarias akamweleza kwa Kireno, polepole. Akavua miwani. Akaniuliza kwa nini siku ile sikumwambia kwamba sielewi. Nikamwambia nilielewa. Nilielewa kingine.

Kaandika karatasi mpya. Sikuishika mie. Zacarias kaisoma mstari kwa mstari, Kireno kwanza, Kiswahili, halafu Kimakonde kwa wale waliohamia, na kila mstari watu wanasema rudia. Hatutaki mto uzibwe wala ugeuzwe. Na karatasi ya kwanza ilitokana na tafsiri ya makosa, ya Jamaldine anayeitwa Feri. Jina langu limo kwenye karatasi ya serikali. Mama yangu angefurahi, kama asingejua kusoma. Kwa bahati hakujua.

Madole tisini na sita. La dada lilikuwa la kwanza.

Soda zilibaki. Mzee Mussagy alisema kukataa ukuta si kukataa soda. Tumefuturia.

27 Februari
Paja. Vijana watatu wa ulinzi wamenisimamisha njiani. Nimewavusha bure, hawakusema asante. Haki yao.

10 Machi
Kiuno.

20 Machi
Idi. Paja. Zacarias kanivunjia kitanda cha zamani akanitengenezea mlango. Kitanda nilikuwa nakihitaji. Utani huo.

6 Aprili
Enjenyeru kapita, nimembeba. Mzito kuliko anavyoonekana. Kanieleza akiwa mgongoni kwamba karatasi zote mbili zimepelekwa juu, uamuzi hajui, yeye anahamishiwa kwingine, atakuja mwenzake. Akaliomba daftari. Nikamwambia limelowa. Hakulazimisha. Alipotua akasema atamwambia mwenzake atafute mkalimani mzuri. Nikamwambia yupo, anatengeneza milango.

Saruji bado iko kule juu, imefunikwa turubai.

14 Aprili
Goti. Mpunga wa dada umeinama, ule uliopona na ule wa kupandikiza, haulingani lakini upo. Ndege wamezidi. Nimechomeka miti miwili msalaba, nikaivisha kizibao. Kinang'aa jua likipiga, ndege hawakaribii. Dada kasema sasa ndipo kizibao kimepata mlinzi wa kukivaa. Kacheka, nami sikumwambia kitu cha uongo siku nzima.

19 Aprili
Goti. Kurasa zinakwisha.

Zacarias kaniandikia kwenye jalada maneno mengine yatakayokuja na huyo mwenzake: barragem, açude, dique, desvio. Kireno kina majina mengi ya kuuziba mto. Nimeyasoma mpaka ulimi umechoka, na najua nitayasahau, na najua watapata jingine.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, tufanye biashara. Unajua kusoma, na inaonekana unasoma hadi mwisho, si kama mie. Siku utakayopita Nanguo, nitakuvusha kwenda na kurudi, mgongoni maji yakiwa ya goti, mtumbwini yakiwa ya kifua, na viatu vyako vitafika vikavu, wewe na watoto wako, mpaka mgongo wangu ukatae. Upande wako ni huu tu: ukinikuta nimeshika karatasi, kabla sijaweka dole, nisomee. Usinichekee. Nikikuambia nimeshaelewa, nisomee tena.

Umekubali? Basi kinga mikono.